UZI: Grupu (jenereta) la dizeli la jeshi linanguruma vizuri lakini halitoi umeme hata kidogo (Goma)

Mama Sambaza (Goma) – mwenye uzi

Jambo ndugu zangu wote. Nauza sambaza na tilapia hapa Kituku, kando ya ziwa. Nina kongelateri (friza) tatu, na kila umeme ukikatika usiku nalala macho, kwa sababu sambaza haingoji. Asubuhi ukifungua na maji yametuama chini, mtaji wa wiki nzima umekwenda.

Ndiyo maana nilichanga pesa nikanunua grupu la jeshi la Marekani, la zamani. Mwenye kuliuza alilileta kwa kontena kupitia Mombasa. Ni sanduku la chuma la kijani, zito zaidi ya nusu tani. Vijana wanane walilishusha kwenye Fuso. Betri mbili nilizinunua soko la Birere zikaja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kwenye kibao cha chuma imeandikwa MEP-803A, 10 KW. Injini ni Lister-Petter ya silinda nne, ya maji.

Injini haina shida. Inawaka kwa mara moja, presha ya oili inapanda, moshi si mwingi. Lakini sindano ya volti imelala kwenye sifuri, ya hetsi nayo imelala. Nikiunganisha taa, giza.

Fundi wa kwanza aliangalia kwa dakika kumi akasema sharbo (brashi za kaboni) zimeisha. Kesho yake akarudi akasema hapana, bobina, yaani nyaya zilizosukwa ndani, imeungua, nimpe dola 700 na aondoke na rota, ile sehemu inayozunguka, akaisuke upya. Mdogo wangu amenizuia. Ana testa (mita ya kupimia umeme) nzuri na anajua kusoma namba, lakini hajawahi kugusa mashine kama hii. Tuanzie wapi?

---

Bobineri wa L'shi (Lubumbashi)

Mama, mshukuru huyo mdogo wako. Rota isitoke hapo nyumbani kwanza.

Nimesuka mota kwa miaka mingi hapa Lubumbashi, mota za pampu na za vinu vya mawe. Bobina iliyoungua haijifichi. Ina harufu kali inayokaa miezi, na vanishi yake inakuwa nyeusi, inapukutika ukiikwaruza kwa kucha. Fungueni kifuniko cha nyuma, mchungulie kwa tochi. Mkiona nyaya zina rangi ya asali au kahawia inayong'aa, na hakuna harufu, msikubali mtu yeyote akate waya hata mmoja. Shaba ikishatoka kwenye mashine, huwezi kujua kilichorudi ni unene uleule au chembamba zaidi.

Na kuhusu sharbo: mashine hiyo haina sharbo. Ni ya aina isiyo na brashi. Kwenye shafti moja kuna jenereta mbili. Ndogo ya nyuma, eksaita, inatengeneza umeme kidogo. Umeme huo unapita kwenye dayodi, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinazozunguka pamoja na shafti, unaingia kwenye rota kubwa, na rota kubwa ndiyo inayoamsha umeme kwenye stata, sehemu isiyozunguka, ule unaoutoa nje. Kisanduku cha AVR kinailisha eksaita na kupima volti zisipande wala kushuka. Mnyororo huo ukikatika mahali popote, hata kwenye kipini kimoja cha plagi, sindano inalala sifuri na injini inaendelea kunguruma kama kawaida.

Niambie mambo matatu: harufu ipo? Rangi ya nyaya ikoje? Na grupu lilikaa muda gani bila kuwashwa?

---

Kijana wa Ndosho (Goma)

Mama, kabla ya yote angalia kibao tena, neno kwa neno. Kuna MEP-803A na kuna MEP-813A. Sanduku linafanana kabisa, kilowati 10 zilezile. Lakini 803A ni hetsi 60, na 813A ni hetsi 400, ya kulisha vyombo vya jeshi kama rada. Ya hetsi 400 hata ikipona haitakuendeshea kongelateri. Ya kilowati 5 nayo ni hivyohivyo: 802A ni hetsi 60, 812A ni 400. Kuna watu wameuziwa ya 400 bila kujua, na muuzaji naye pengine hakujua.

---

Mama Sambaza

Kijana, aksanti. Tumekisugua kibao kwa kitambaa chenye mazuti (dizeli) tukasoma: 803A, 60 HZ. Moyo umerudi mahali pake.

Papa Bobineri: harufu hakuna. Nyaya zina rangi ya asali iliyokolea, na vumbi jeusi jembamba juu yake. Muuzaji anasema lilikaa ghalani "muda mrefu". Mita ya saa ndani inaonyesha saa 1,100 na kidogo.

---

Fundi Ruzizi (Bukavu)

Saa 1,100 kwa injini hiyo ni chache, Mama. Usikate tamaa.

Swali dogo: unapowasha, swichi kubwa ya kuwashia unaishikilia kwa muda gani? Magrupu haya hayafanani na ya dukani. Ukiwa umeishikilia kwenye START, betri haizungushi mota ya kuwashia injini tu. Wakati huohuo inapeleka umeme kidogo kwenye eksaita ili kuiamsha. Ukiiachia mara injini inapowaka, kama tulivyozoea kwenye gari, jenereta haijapata nafasi ya kuamka. Ishikilie mpaka injini itulie kwenye mzunguko wake, presha ya oili ipite 25 kwenye mita yake, na sindano ya volti ianze kupanda. Ndipo uachie.

Na betri ziwe mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, jumla 24. Pimeni kila moja peke yake.

---

Mama Sambaza

Tumefanya. Betri zote mbili ziko juu ya 12.5. Tumeishikilia swichi mpaka injini ikatulia, tukahesabu hadi kumi na tano. Sindano haikutikisika.

Ila mdogo wangu aliweka testa moja kwa moja kwenye nyaya za jenereta, kabla ya kontakta, ile swichi kubwa ya ndani ya kutolea umeme. Ilionyesha volti 2.8. Hizo 2.8 ni kitu au si kitu?

---

Bobineri wa L'shi

Mama, ni kitu kikubwa sana! Hizo 2.8 ndizo sumaku iliyobaki ndani ya chuma. Kila mashine ya namna hii inabakiwa na sumaku kidogo baada ya kuzimwa, na sumaku hiyo ndiyo inayoianzisha kesho. Ikikaa ghalani miaka, au ikitikiswa sana njiani, inapungua mpaka AVR haiwezi kuiona. Testa ingeonyesha sifuri kabisa ningeanza kuogopa waya uliokatika. 2.8 inaniambia shafti inazunguka kwa kasi yake, stata ina njia, na chuma hakijasahau.

Kwa hiyo sasa tunaipa msukumo sisi wenyewe. Fundi Ruzizi, nisahihishe nikikosea.

---

Pikipiki Moto (Goma)

Mimi niliamsha grupu langu dogo la petroli kwa dirili. Unaichomeka kwenye soketi ya grupu, unabonyeza kitufe, unaizungusha mdomo wake kwa mkono kinyume. Volti zikaja hapohapo. Mama ajaribu.

---

Fundi Ruzizi

Kaka, kwenye grupu lako dogo lenye sharbo hiyo inafanya kazi, na nimeifanya mwenyewe. Dirili inarudisha umeme kidogo ndani na sharbo zinaupeleka kwenye rota. Kwa Mama hakuna njia hiyo. Umeme ukiingia kupitia stata haufiki kwenye eksaita. Na tafadhali mtu asimwambie achukue umeme wa nyumbani, volti 220, auingize mle. Nimeona AVR ikilipuka hivyo.

Mama, fuateni hivi, taratibu, bila haraka.

Injini izimwe kabisa. Tafuteni nyaya mbili zinazotoka kwenye AVR kwenda kwenye eksaita. Kabla hamjazichomoa, fungeni kila waya utepe wa rangi yake, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi, na mpige picha kwa simu. Mkizigeuza, nyinyi mtasukuma upande huu na AVR upande ule, volti zitapanda kidogo na kuanguka.

Chomoeni hizo mbili. Pimeni ohm kati yake, upande wa mashine. Namba iwe ndogo na itulie. Sifuri kamili ni shoti. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Kisha pimeni kutoka kila waya hadi kwenye bodi ya chuma: hapo isisome kitu.

Chukueni betri nyingine ya volti 12 ya gari. Si zile za grupu. Kwenye waya wa chanya wekeni balbu ya gari ya wati 21, ile ya breki. Balbu ni mlinzi wenu: kukiwa na shoti ndani itawaka kwa nguvu yote na hakuna kitakachoungua. Kwenye mashine nzima huenda isiwake kabisa au iwe nyekundu hafifu tu, na hilo ni sawa.

Washeni injini. Mtu mmoja asome testa kwenye nyaya za stata, mwingine agusishe betri kwa sekunde chache. Viatu vikavu, ubao chini ya miguu, mkono mmoja nyuma. Volti zikipanda, mashine yako ni nzima na tatizo liko upande wa AVR. Zisipopanda, ndipo tutaongea dayodi.

---

Mama Sambaza

Nimekaa kimya siku mbili kwa sababu jana mvua ilinyesha tukaogopa kugusa umeme.

Leo saa nne asubuhi tumefanya. Ohm: namba ndogo, imetulia, bodi haisomi kitu. Tukawasha. Mdogo wangu alishika testa, mimi mwenyewe nikagusisha waya wa betri. Namba iliruka kutoka 2.8 hadi 140 na kitu! Nilipiga kelele majirani wakatoka nje. Nikitoa waya, inaanguka. Nikigusisha, inapanda. Tulifanya mara tano.

Kwa hiyo bobina haijaungua?

---

Bobineri wa L'shi

Haijaungua. Volti 140 kwa betri moja tu ya gari: eksaita inafanya kazi, dayodi zinafanya kazi, rota kubwa ni nzima, stata ni nzima. Ungetoa dola 700 kusuka kitu kizima. Nimefurahi mno, Mama.

Basi tunabaki na AVR na kinachoilisha. Grupu hili lina nyaya zake maalumu ndani ya stata, zilizosukwa pembeni kwa ajili ya kuilisha AVR peke yake. AVR haili chakula kutoka kwenye umeme wa wateja. Kwa hiyo rudisheni betri na balbu kama leo, AVR bado imechomolewa, injini inazunguka, kisha mpime volti kwenye plagi inayokwenda kwa AVR. Na mpime tena mahali nyaya hizohizo zinapotoka kwenye jenereta. Namba hizo mbili zifanane. Zisipofanana, mmepata.

---

Kijana wa Ndosho

Mama, angalieni plagi kwa macho kwanza. Hapa kwetu moshi wa volkano ya Nyiragongo unashuka na mvua, na mabati ya nyumba yanakula kutu kwa miaka michache. Shaba na bati za kwenye plagi zinaliwa vilevile. Nilikuta redio nzima iliyokufa kwa sababu ya kipini kimoja cha kijani.

---

Mama Sambaza

Ndugu zangu!!!

Upande wa jenereta: 70 na kitu. Upande wa plagi ya AVR: sifuri.

Tulizima, tukachomoa plagi. Kwa nje ni safi kabisa, mpira wake mzima. Mdogo wangu akaigeuza kwenye jua akachungulia ndani kwa kioo changu cha mkononi. Vipini vyote vinang'aa kama sindano mpya, isipokuwa kimoja cha pembeni. Hicho kimefunikwa unga wa kijani kama wa sarafu iliyookotwa ziwani. Alipokigusa kwa mdomo wa bisibisi, unga ukadondoka na kipini kikaonekana chembamba katikati, kama kimetafunwa na panya. Waya nyuma yake ulikuwa umeshikwa na nyuzi mbili tu za shaba.

Nikakaa chini juu ya mawe. Kitu kidogo kuliko kichwa cha sambaza kilitaka kunila dola 700.

---

Fundi Ruzizi

Hiyo ndiyo, Mama. Msikisugue tu na kukirudisha. Kateni waya hadi mahali shaba inang'aa, tafuteni kipini kipya Birere, mkibane kwa koleo lake, mtie bati kidogo. Vipini vingine vipitisheni msasa mwembamba sana mara moja, halafu mpake grisi ya betri kidogo dhidi ya unyevu. Tazameni na upande wa pili wa plagi, ule wa jike, kwa sababu kijani hutembea.

Kisha rudisheni AVR yote kama ilivyokuwa kwenye picha. Washeni, mkishikilia swichi vilevile. Isipoamka yenyewe mara ya kwanza, mnaweza kuipa betri AVR ikiwa imefungwa, lakini sasa wekeni na dayodi kwenye waya wa chanya ili umeme usirudi kwenye betri. Sekunde mbili tu.

---

Mama Sambaza

Imeamka yenyewe! Nimeshikilia swichi, injini ikatulia, sindano ikainuka polepole kama mtu anayeamka usingizini, ikasimama. Hetsi 60. Balbu na dayodi hatukuzihitaji tena.

Lakini volti zimesimama kwenye 208. Na kongelateri zangu zimeandikwa 220. Tena nikiweka testa kwenye vituo vya nje hakuna kitu, ingawa mita ya ndani inasoma.

---

Kijana wa Ndosho

Vituo vya nje havipati umeme mpaka uunganishe kontakta. Kuna swichi ndogo ya kuunganisha na kukata umeme wa kutoka. Isukume upande wa kuunganisha uishikilie kidogo mpaka taa yake iwake. Volti kwanza, ndipo swichi hiyo.

---

Bobineri wa L'shi

Na 208 si ugonjwa. Mashine imepangwa kwa fezi tatu: 208 kati ya fezi na fezi, 120 kati ya fezi na nyutro. Kuna swichi ya kubadili mpangilio yenye nafasi tatu: 120 ya fezi moja, 120/240 ya fezi moja yenye nyaya tatu, na 120/208 ya fezi tatu. Izime injini kabisa, kisha ipeleke kwenye 120/240. Injini ikiwa inazunguka usiiguse hata kwa kidole. Hapo utapata 240 kati ya vituo vya nje vya L1 na L3, na unaweza kuchukua hadi ampea 52.

Sasa sikiliza kwa makini, Mama, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Nyumba zetu zimezoea waya mmoja wenye moto na mwingine wa nyutro usio na moto. Kwenye 240 ya Kimarekani nyaya zote mbili zina moto, kila mmoja volti 120 ukipima na ardhi. Swichi ya nyumbani inayokata waya mmoja inaacha mwingine na moto. Kwa hiyo disjonkteri, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, iwe ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja. Na uwe na inverseri, yaani swichi ya kuchagua kimoja tu kati ya umeme wa mji na grupu, ili viwili visikutane kamwe. Mtu wa shirika la umeme akipanda nguzo akiamini laini imekatika, na grupu lako linasukuma umeme kwenda juu kwake, huyo hatashuka hai.

---

Mtu wa Mwanza

Nafuatilia huu uzi tangu mwanzo, hongereni sana. Swali: kongelateri za hetsi 50 kwenye hetsi 60 hazitaungua? Si afadhali apunguze kasi ya injini hadi ipate 50?

---

Fundi Ruzizi

Asante, mkuu. Asipunguze. Hetsi 60 kwenye mashine hiyo ni mizunguko 1,800 kwa dakika. Ukitaka 50 unaishusha hadi 1,500. AVR itaendelea kudai 240, na ili kuzipata kwa kasi ndogo itaisukuma eksaita kupita kiasi. Chuma kitajaa sumaku, kitapata joto, na nguvu ya injini nayo itapungua.

Ukiacha 60, gawanya volti kwa hetsi: kongelateri yake ilitengenezwa kwa 220 kwa 50, yaani 4.4. Sasa inapata 240 kwa 60, yaani 4.0. Chuma cha mota hakizidiwi. Kompresa itazunguka haraka kwa karibu asilimia 20, itafanya kazi zaidi kidogo, kwa hiyo aiguse baada ya saa moja asikie joto lake, na awashe moja moja, si tatu kwa mpigo. Taa, simu na televisheni za kisasa hazijali.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni kingine: kongelateri tatu ni mzigo mdogo mno kwa kilowati 10. Dizeli ikifanya kazi bila mzigo haipati joto la kutosha, mazuti hayaungui yote, na bomba la moshi linaanza kutoa majimaji meusi ya mafuta. Mama, itafutie grupu kazi, angalau asilimia 30 ya nguvu yake. Chaji simu za watu, uza barafu, waunganishe majirani wawili.

---

Mama wa Maternité (Goma)

Dada yangu, hongera. Naomba nikuulize, grupu umeliweka wapi? Sisi Himbi kuna mtu alichimba shimo aweke lake ili kelele zipungue. Upande wa ziwa kuna mazuku, ile hewa ya volkano inayotulia kwenye mabonde, haionekani. Mbuzi wanaanguka humo, na watoto pia. Ukiongeza na moshi wa dizeli ndani ya shimo ni hatari juu ya hatari. Wala usiliweke ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha. Sisi tulipokea familia nzima kwa ajili ya moshi wa grupu, na si wote tuliowarudisha.

---

Mama Sambaza

Dada, pole sana kwa hayo. La kwangu liko juu, kwenye sakafu ya mawe nyuma ya ghala, chini ya paa lisilo na kuta. Nimeahirisha hata wazo la kuta.

Shida iliyobaki ni waya wa ardhi. Fimbo ya shaba inagonga lava na kupinda. Chini ya mkono mmoja tu ni jiwe tupu.

---

Kijana wa Ndosho

Hapa kila mtu ana shida hiyo tangu lava ya 2002. Lava kavu haipitishi umeme vizuri hata ukifanikiwa kuitoboa. Usipigane na jiwe. Tafuta mahali penye udongo, hata mita kumi kutoka kwenye grupu, upande wa ziwa kama unaweza. Chimba mtaro, laza waya wa shaba mtupu mrefu chini yake badala ya kusimamisha fimbo moja, ufunike kwa makaa yaliyosagwa na udongo mweusi, umwagie maji wakati wa kiangazi. Chumvi wengine wanaweka, lakini inaila shaba, mimi siipendi. Kisha pima. Usiamini mpaka umepima.

---

Mama Sambaza

Siku ya tisa tangu liamke. Namba kama mlivyonifundisha: 240 bila mzigo, 238 kongelateri zote tatu zikiwa zimewaka, hetsi 60 na pointi kidogo. Mtaro tumeuchimba mita kumi na mbili. Disjonkteri ya nyaya mbili na inverseri vimefungwa, na mdogo wangu amechora kwa rangi nyekundu mahali pa kukatia. Kompresa zina joto la kawaida. Jirani wa saluni na kijana wa kuchaji simu wameungana nami jioni, wanachangia mazuti.

Juzi umeme wa mji uliondoka saa mbili usiku ukarudi alfajiri. Nilifungua kongelateri saa kumi na moja: sambaza ngumu kama mawe, hakuna tone chini.

Papa Bobineri, Fundi Ruzizi, Kijana, Dada, Mungu awape nguvu. Kile kipini nimekihifadhi kwenye karatasi.

---

Askari Mstaafu (Bukavu)

Samahani kuingilia. Nina 802A, dalili zilezile. Testa yangu inasoma 0.0 kabisa, si 2.8. Nianze kwenye AVR?

---

Bobineri wa L'shi

Mzee wangu, shikamoo. Kwako anza na jenereta. Kwanza hakikisha testa iko kwenye umeme wa AC na kwenye kipimo cha chini. Kisha chomoa AVR, pima ohm za eksaita, halafu betri na balbu kama Mama alivyofanya. Volti zikipanda, fuata nyaya za kuilisha AVR. Zisipopanda, fungua kifuniko cha nyuma uzipime zile dayodi sita za kwenye shafti, kila moja ikiwa imeachiwa upande mmoja: nzima inasoma 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na upande wa pili haisomi. Kama grupu lililowa, weka balbu ya wati 100 ndani yake usiku kucha chini ya turubai kabla ya kuligusa.

---

Mama Sambaza

Mzee, balbu ya breki yenye waya wake, dayodi na tepe za rangi vyote ninavyo hapa Kituku. Kuna boti kila siku kwenda Bukavu. Niandikie ndani, nitavipeleka bandarini kesho.